Kabla ya Kutoa Damu ya Kipimo cha Jeni, Kaa Kwanza na Mshauri

Mama yangu alifariki kwa saratani ya ovari akiwa na miaka 46, na baadaye mdogo wake akagundulika kuwa na saratani ya matiti. Daktari aliponieleza kwamba huenda katika ukoo wetu kuna hitilafu ya jeni ya BRCA1 au BRCA2, yaani jeni ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari, nilitaka kupimwa siku ileile. Alinielekeza kwanza kwa mshauri nasaha, nami nikaenda shingo upande.

Mshauri hakuanza na jeni. Aliniuliza nani alimuuguza mama, kisha akaniuliza umri wangu. Nilikuwa na miaka 43, na nilipoitamka namba hiyo nililia, kwa kuwa ndipo nilipotambua kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nikihesabu miaka iliyosalia kufikia umri aliofia yeye. Hofu ya namna hiyo haiondolewi na karatasi ya maabara. Ni vyema itajwe kabla majibu hayajafika.

Baada ya hapo ndipo aliponieleza kwamba mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi, na kwamba kuirithi si sawa na kuugua, ingawa kwa BRCA1 takriban wanawake 70 kati ya 100 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Aliniuliza ningefanya nini endapo ningekutwa nayo, na endapo nisingekutwa nayo lakini ndugu yangu akakutwa nayo, maana hata jibu jema huweza kumwachia mtu hisia ya hatia. Sikuwa nimewahi kufikiria jibu la tatu, yaani badiliko la jeni ambalo wataalamu bado hawajui kama lina madhara. Kwa jibu kama hilo pekee, mtu hashauriwi kuondolewa matiti wala ovari.

Kwa hiyo ninakusihi umwambie mshauri wako waziwazi kama kweli unataka kujua, kwa sababu una haki ya kuahirisha, na hata ya kutopokea majibu baada ya damu kuchukuliwa.

Mshauri alipendekeza pia kwamba mama mdogo apimwe kwanza, kwani hitilafu ikipatikana kwa aliyekwisha kuugua, majibu ya ndugu wengine husomeka kwa uhakika zaidi. Nilimwomba kwa upole, bila kumharakisha. Baada ya wiki mbili alikubali, kwa sharti kwamba wanawe wa kiume nao waelezwe, kwa kuwa wanaume pia huirithi na kuirithisha.