Mguu unaoganda mlangoni na kucheza arusini: majibu ya maswali yenu kuhusu Parkinson

Wiki tatu zilizopita nilieleza kuhusu darasa letu la Jumamosi la watu wenye ugonjwa wa Parkinson, na tangu hapo maswali hayajakoma. Kwa ambaye hakusoma: ni ukumbi wa shule tunaoazimwa, viti vya plastiki, spika moja, na watu kumi na wanne ambao ama mikono inatetemeka, ama miguu inaburuza, ama vyote viwili. Tunafanya mazoezi ya viungo, tunaimba, na kila Jumamosi ya pili tunakaa mezani na udongo, rangi na ukili wa kusukia mikeka. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari. Kuongeza au kupunguza dawa ni kazi ya daktari wako. Haya mengine tuzungumze.

Mume wangu ana miaka 66. Akifika kwenye mlango wa chumba anaganda, miguu kama imebandikwa sakafuni. Mwezi uliopita tulikuwa arusini, beni likapigwa, akainuka akacheza mpaka watu wakashangaa. Sasa mawifi zangu wanasema anajifanya mgonjwa ili nimhudumie. Nimwamini nani? (Mama, Mombasa)

Mwamini mumeo, mama. Hajifanyi hata kidogo, na hicho ulichokiona arusini ni miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kuhusu ugonjwa huu.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hiyo inahitajika sana kwa mambo tunayoyafanya bila kuyafikiria: kutembea, kupunga mikono tukitembea, kupepesa macho, kujigeuza kitandani. Kwa mwenye Parkinson chembe hizo zinakufa kidogo kidogo, na mwendo uliokuwa ukijiendea wenyewe unakosa wa kuuanzisha. Ndiyo maana anakwama mlangoni, kwenye kona, au anapotaka kugeuka.

Mdundo ukitoka nje, mambo yanabadilika. Ngoma inauambia mguu ni wakati gani wa kunyanyuka, na ubongo unapata njia nyingine ya kupitisha amri ileile. Mstari sakafuni nao unafanya kazi hiyo kwa macho. Tunaye mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, ambaye siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa ukumbi karibu dakika tatu, jasho linamtoka, mkewe anamvuta mkono. Nilichukua chaki nikachora mistari mitano sakafuni, kila mmoja hatua moja mbele ya mwenzake, nikamwambia, "Mzee, usitembee. Vuka mistari." Alivuka mitano yote bila kusita, kisha akageuka kuiangalia. Mkewe alilia. Leo nyumbani kwao mjukuu amebandika utepe mwekundu kila penye mlango.

Kwa hiyo mumeo akiganda, usimvute wala usimwambie afanye haraka, maana haraka ndiyo inayomgandisha zaidi. Simama naye. Ahamishe uzito kutoka mguu huu kwenda ule, kama anayebembea, kisha mhesabie "moja, mbili, tatu" naye aanze na hatua kubwa. Wengine huimba kimoyomoyo.

Kucheza kwenyewe sasa ni sehemu ya matibabu. Mwaka 2001 kundi la dansi la Mark Morris, huko Brooklyn, New York, lilianza kuwafundisha watu wenye Parkinson pamoja na chama cha wagonjwa wa mtaani kwao, na mfano wao umeenea nchi nyingi. Watafiti wa St. Louis nao waliwafundisha wagonjwa dansi ya tango ya Argentina, wakaona faida kwenye uwezo wa mwili kusimama bila kuyumba. Tango ina hatua za kurudi nyuma, kusimama ghafla na kuanza tena, ndiyo mambo yenyewe yanayowashinda. Lakini hata beni lina kuanza na kusimama kwake! Muwekee mumeo beni sebuleni kila jioni. Na mawifi zako waite waje wacheze naye, wamwone kwa macho yao muziki unapozimwa.

Baba ameanza dawa za levodopa na mtetemo umepungua. Nimemkataza kazi zote ili asichoke. Dada yangu anasema namdhuru. Mazoezi si yatammaliza nguvu? (Binti, Temeke)

Najua unafanya hivyo kwa mapenzi, mdogo wangu, lakini hapo dada yako yuko sahihi. Levodopa inamrudishia baba ile kemikali kwa saa kadhaa, na ni dawa nzuri. Hata hivyo haimnyooshi mgongo unaopinda wala haimrudishii misuli iliyolala. Kiti kinachukua vyote hivyo polepole.

Na mazoezi ninayosema si ya kunyoosha vidole tu. Mwaka 2018 zilichapishwa Marekani taarifa za utafiti wa watu 128 waliokuwa na Parkinson na hawajaanza dawa. Waliotembea kwa nguvu kwenye mashine mara tatu kwa wiki, moyo ukienda asilimia 80 hadi 85 ya kasi yake ya juu kabisa, dalili zao hazikuongezeka sana kwa miezi sita. Walioendelea na maisha yao ya kawaida zilipanda. Kabla ya hapo, mwaka 2012, watu 195 huko Oregon waligawanywa makundi matatu. Waliofanya tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu. Kwa mgonjwa wa Parkinson kuanguka ni jambo zito. Nyonga ikivunjika, wengi hawarudi tena walipokuwa.

Muulize daktari kwanza kama moyo na presha yake viko sawa. Kisha aanze kutembea dakika kumi, aongeze. Kipimo changu ni hiki: anapofanya mazoezi aweze kusema sentensi fupi, lakini asiweze kuimba. Afanye kama saa moja baada ya kumeza dawa, mwili unapokuwa umefunguka. Na kama dawa inaonekana kuchelewa kumshika, tazama anaila na nini. Nyama, maziwa na maharage vinagombania nayo njia ya kuingia mwilini, ndiyo maana wengi huelekezwa kuimeza nusu saa kabla ya chakula. Asubuhi asinyanyuke ghafla. Akae ukingoni mwa kitanda kwanza, kwa sababu ugonjwa huu na dawa zake vinaweza kushusha presha anaposimama.

Kazi za nyumbani mrudishie. Kuchota maji ndoo ndogo, kufagia uwanja, kuanika nguo. Kuanika nguo ni zoezi zuri kuliko mengi ninayofundisha: mikono juu, kifua wazi, vidole vinabana vibanio.

Je, mazoezi haya yanaponya kabisa? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Mpaka sasa hakuna kitu kinachoponya Parkinson, na anayekuuzia dawa ya kuponya anakuibia. Mazoezi yanakupa miaka mizuri zaidi ndani ya ugonjwa huo, na usiache dawa zako kwa sababu unajisikia vizuri darasani.

Mwanangu aliye Indianapolis anasema huko wagonjwa wa Parkinson wanafundishwa ndondi. Nilikuwa mtoto bondia Muhammad Ali alipopigana Kinshasa, tulisikiliza redioni. Si ndondi hizohizo zilizomharibu? (Baba, Bukavu)

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki. Ali aligundulika na Parkinson mwaka 1984, akiwa na miaka 42, miaka kumi tu baada ya usiku ule wa Kinshasa, na majeraha ya kichwa yanayojirudia yanajulikana kuongeza hatari ya ugonjwa huu.

Ila katika darasa analolisema mwanao hakuna anayempiga mwenzake. Lilianza hapohapo Indianapolis mwaka 2006, chini ya mwanasheria Scott Newman, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka na aliyegundulika akiwa na miaka 40 tu. Rafiki yake alimshawishi wafanye mazoezi ya mabondia, akaona mwili unarudi. Programu hiyo inaitwa Rock Steady Boxing. Unapiga gunia, unapiga viganja vya mwalimu vilivyovalishwa pedi, basi.

Ukitazama bondia anachofanya, utaelewa. Anasimama miguu imetanuka. Anazungusha kiuno. Ananyoosha mkono mpaka mwisho wake, anakumbuka mfululizo wa kushoto, kulia, kushoto chini, huku anahesabu kwa sauti kubwa. Parkinson inakufanya mdogo: hatua ndogo, mkono mfupi, sauti ya chini, kiuno kigumu kama gogo. Bondia anakwenda upande ule mwingine kabisa. Sisi tunatumia gunia la kahawa lililojazwa nguo kuukuu, na akina mama ndio wanaoligombania.

Nilifundisha miaka 34. Sasa watu wanasema nanong'ona, nami nasikia kabisa kuwa naongea kawaida. Nimeacha hata kwaya. (Mwalimu, Tanga)

Shikamoo mwalimu. Rudi kwaya wiki hii hii.

Katika ugonjwa huu sauti inashuka bila mwenyewe kujua. Kipimo chake cha ndani kinaharibika, kwa hiyo anaona wengine ndio wasiosikia. Dawa za kawaida haziisaidii sana sauti. Mazoezi yanaisaidia. Mwaka 1987 huko Marekani ilianzishwa njia inayoitwa LSVT LOUD, ambayo imepewa jina la mgonjwa, mama Lee Silverman. Ni vipindi 16 vya saa moja moja ndani ya wiki nne, na funzo lake kubwa ni moja: ongea kwa sauti kubwa. Ukikaza hilo moja, pumzi, midomo na uso vinafuata vyenyewe.

Mtaalamu wa tiba ya usemi ndiye anayekufundisha vizuri, lakini nyumbani unaweza kuanza leo. Kaa wima, vuta pumzi, sema "aaa" ndefu kama unamwita mwanafunzi aliye upande wa pili wa uwanja. Rudia mara kumi. Kisha soma gazeti kwa sauti ya darasani. Darasani kwetu Waislamu wanaimba kasida, Wakristo wanaimba nyimbo za kwaya, na mwishoni wote wanaimba zote. Jambo moja la kumwambia daktari mapema: kama unapaliwa mara kwa mara unapokunywa maji au kumeza ugali. Misuli ya koo ni ileile.

Nilikuwa nadarizi kofia, sasa sindano imenishinda na mwandiko wangu umekuwa mdogo kama sisimizi. Mwanangu kanipeleka kwenye kikundi, nakuta wazee wanapaka rangi kama watoto wa chekechea. Nimeona haya, sitarudi. (Mzee, Unguja)

Shikamoo babu. Nimesoma barua yako mara mbili na imeniuma. Mtu aliyedarizi kofia, tundu kwa tundu, miezi mizima kwa kofia moja, hafai kupewa kalamu ya rangi na kuambiwa ajaze ua. Kosa hilo ni letu sisi tunaoendesha vikundi. Nami niliwahi kulifanya.

Lakini kazi ya mikono yenyewe usiiache. Bibi mmoja kwetu alikuwa msusi wa mikeka. Anapokaa, mkono wake wa kulia unatetemeka mapajani kana kwamba anahesabu pesa. Nilimpa ukili. Alipoushika, mtetemo ukatulia, vidole vikaanza kupandisha na kushusha, kwanza pole, kisha akasahau kuwa tunamtazama. Mtetemo wa Parkinson kwa kawaida huja mkono ukiwa umepumzika, na mara nyingi hupungua mkono ukipata kazi. Sasa yeye ndiye mwalimu wa meza ile. Mimi mwenyewe ananigombeza kila wiki, kwa sababu ukili wangu unakwenda upande.

Mwambie mwanao akawaambie wenye kikundi: baba yangu ni fundi, mpeni kazi ya fundi. Chora michoro yako ya kofia kwenye karatasi kubwa ya ukutani, ukisimama, mkono ukitokea begani. Wengine waijaze. Mwandiko, tumia daftari lenye mistari iliyoachana na ujilazimishe kila herufi iguse mistari yote miwili. Herufi inakua.

Huku kwetu hakuna darasa lolote, na majirani wanasema kaka yangu amerogwa. Nianzie wapi? (Dada, Songea)

Hajarogwa. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walipata watu 33 wenye Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Kwa hiyo huko kwenu pia wapo, ndani, wamefichwa. Mpeleke kaka hospitali ya rufaa kama bado, na umuulize daktari kama kuna wagonjwa wengine ambao wangependa kukutana. Nairobi kuna shirika linaloitwa Parkinson's Si Buda, kwa Sheng maana yake Parkinson si ya wazee tu, nalo linawakutanisha wagonjwa na familia zao.

Mahitaji ni machache. Sakafu kavu isiyo na mikeka wala waya za kujikwaa. Viti imara visivyo na magurudumu. Viatu vya kufunga, kandambili zibaki mlangoni. Muziki wenye mdundo wa wazi. Kila mgonjwa aje na ndugu mmoja, naye asimame nyuma yake upande ule dhaifu. Saa moja yatosha: dakika kumi za kukaa na kupasha mwili, nusu saa ya hatua kubwa, kugeuka na kupiga makonde, kisha kuimba. Msiwape mambo mawili kwa pamoja siku za mwanzo. Mwenye Parkinson akitembea huku anaongea ndipo anapoanguka.

Wakija wawili siku ya kwanza, anza na hao wawili. Na kaka yako ndiye ashike chaki.