Tanki iko nusu, skrini inasema 12.5

SWALI: Jambo yaya. Niko fundi wa umeme hapa Lubumbashi, kwa kazi yetu tuko na transmita inapima maji mu tanki, ya waya mbili, miliampea 4 mpaka 20. Ilikuwa inaenda kwa otomati tu (ile kompyuta ndogo ya kuongoza mashine), sasa shefu akaomba skrini ingine kwenye chumba cha pompo, basi mi nikakamata zile waya mbili za otomati nikafunga na skrini palepale. Tanki iko nusu, nimepanda ngazi nikaiona na macho yangu, lakini otomati inasema 12.5% na skrini pia 12.5%. Kama umeme umegawanyika si ingekuwa 25? Ao transmita imekufa?
Fundi wa Kamalondo

JIBU: Transmita yako nzima ndugu, usiiguse. Umefunga skrini kwa paralele, yaani umeme unagawanyika njia mbili, na hapa kila kitu kinafungwa kwa seri, kimoja nyuma ya kingine kwa njia moja. Angalia: tanki nusu, transmita inatuma miliampea 12. Otomati na skrini kila moja iko na omu 250, kwa hiyo zinagawana sawasawa, 6 huku 6 kule. Lakini kuhesabu hakuanzi kwa 0, kunaanzia 4: toa 4 kwa 6 inabaki 2, na toka 4 mpaka 20 ni 16, basi 2 kwa 16 ndiyo hiyo 12.5% yako.

Kinachoniogopesha ni kesho. Maji yakishuka hadi 20% transmita itatuma 7.2, kila moja itapata 3.6, na otomati nyingi zikiona 3.6 kushuka chini zinasema waya umekatika, kumbe tanki bado iko na maji na watu wa kule mwisho wa bomba wanangojea. Na ndiyo sababu wakachagua 4: ingekuwa 0, tanki tupu na waya uliokatika vingefanana kabisa, tena zile 4 ndizo zinalisha transmita yenyewe. Hata zamani, wakati vipimo vilitumwa kwa presha ya hewa, walianza 3 psi mpaka 15, si 0.

Basi fanya hivi. Zima kwanza. Toka plasi ya 24 volti uende transmita, utoke transmita uingie skrini, utoke skrini uingie otomati, halafu urudi minasi. Otomati iwe ya mwisho, juu mara nyingi minasi yake imeungana na ardhi. Kwa 20 miliampea kila moja inakula volti 5, zote mbili 10, inabaki kama 14, soma karatasi ya transmita uone kama zinaitosha, nyingi zinataka 12 hivi. Urefu wa waya usikusumbue, mita 400 hazipunguzi miliampea, zinakula volti kidogo tu.

Ukitaka kuhakikisha, kata njia uweke multimetri katikati, kwa seri nayo. Ukiiweka kwa ampea halafu ukagusa plasi na minasi ya 24, fuzibo yake inaungua palepale.