Unaanza kusoma Kinorn? Soma haya kabla hujafungua kamusi

Wadogo zangu mnaoanza masomo ya lugha zilizokufa, hasa nyie mnaoniuliza kuhusu Kinorn, huu ni mwaka wangu wa nne na hii lugha na kuna vitu natamani mtu angeniambia siku ya kwanza. Kwa asiyeifahamu, ndo lugha waliyokuwa wanaongea watu wa visiwa vya Orkney na Shetland kaskazini mwa Scotland, na kipande cha Caithness bara, ni mtoto wa Kinorwei cha kale kilichokuja na walowezi toka Norwei kwenye karne ya 9 hivi, na leo hayupo anayeiongea. Wengi humtaja Walter Sutherland wa Skaw, kisiwa cha Unst, aliyefariki mnamo 1850, kuwa ndo wa mwisho, ila jueni kwamba watu walishaacha kulea watoto kwa hiyo lugha zamani kidogo, karne ya 18 tayari Kiskoti, lugha ya Scotland iliyo ndugu ya Kiingereza, kilikuwa ndani ya nyumba.

Kosa langu la kwanza nilirukia shairi. Unasikia kuna utenzi mzima wa Kinorn, beti 35, unaitwa Hildina, unahusu jarli, yaani mtawala, wa Orkney na binti wa mfalme wa Norwei, unasema basi nimemaliza kazi, naingia nao. Miezi mitatu nikatoka mikono mitupu. Shida ni hii: aliyeuandika ni mchungaji anaitwa George Low, alifika kisiwa cha Foula 1774, akasomewa na mzee William Henry, na Low mwenyewe alikuwa haielewi lugha hata kidogo. Alikamata sauti tu kwa sikio lake la Kiskoti, wapi neno linaanza wapi linaisha alikuwa anakisia. Kuna mstari unaanza "Da vara Iarlin d'Orkneyar", sasa ukikaa na hiyo vara utaitafuta kwenye kamusi mpaka uzeeke, kumbe ni "var" tu, "ilikuwa", imebeba kasauti ka ziada, na hiyo d' ni "ór", yaani "kutoka", mstari wote ni "alikuwa ni jarli wa Orkney". Yule aliyewahi kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu anaelewa ninachosema, unasoma kwa kujua lugha kwanza ndo herufi zinakubali. Marius Hægstad wa Norwei ndo aliufanyia kazi ukaeleweka, 1900, na aliweza kwa sababu lugha za jirani alikuwa nazo kichwani.

Kwahiyo anzeni na Kinorwei cha kale, mkishakipata shikeni Kifaroe, lugha ya visiwa vya Faroe. Mimi nilianza na Kidenishi kwa sababu vitabu vyake vilikuwa rahisi kupatikana na kilinichelewesha, kile kimeshatembea mbali sana na Kinorn. Ukiwa na Kifaroe, ile sala ya Baba Yetu ya Orkney iliyochapishwa 1700, "Favor i ir i chimrie", inaanza kufunguka yenyewe, favor ni "baba yetu" imegandishwa pamoja, na chimrie inayotisha hivyo ni himinríki, ufalme wa mbinguni.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ningekuwa naanza upya ningeanzia hapa: majina ya mahali. Lugha imeondoka ila ramani imebaki, karibu kila ghuba, kila jabali, kila shamba. Lerwick ni Leirvík, ghuba ya matope. Kisiwa kinaishia na -ay au -a, hiyo ni ey, kisiwa. Lakini msiamini maandishi hata siku moja! Chukueni Kirkwall, mji mkuu wa Orkney. Asili yake Kirkjuvágr, hori la kanisa, hiyo vágr ndo hori la bahari. Watu wa Kiskoti walisikia sauti ya mwisho inafanana na neno lao la "ukuta", wall, wakaandika hivyo. Hakuna ukuta wowote pale. Halafu unaenda Shetland unakuta Tingwall, unasema ah hii nayo ni vágr, hapana, hii ni Þingvöllr, uwanja wa baraza, jina lilelile la Thingvellir kule Iceland, na pale ndipo wakuu wa Shetland walipokuwa wanakutana kuamua kesi, kwenye kijisiwa kidogo ndani ya ziwa. Herufi zilezile maneno mawili tofauti. Kisha vágr hiyohiyo inajificha kwenye Scalloway, kwenye kijiji cha Walls ambacho wenyeji wenyewe wanakiita Waas (sikilizeni wenyeji, matamshi yao yako karibu zaidi na asili kuliko kibao cha barabarani), na kwenye kila hori linaloitwa voe. Neno moja, sura nne. Mimi nilikaa na ramani ya Shetland wiki tatu ukutani na nilijifunza mabadiliko ya sauti kuliko muhula mzima wa darasa.

Kamusi ya Jakob Jakobsen lazima muwe nayo, huyu alikuwa Mfaroe, alikaa Shetland 1893 mpaka 1895 akakusanya maneno kama 10,000 hivi, na bila yeye tungekuwa hatuna kitu, namheshimu sana. Ila isomeni mkijua alikuwa anakusanya mabaki. Neno lingine alilipata kwa mzee mmoja tu kwenye kisiwa kimoja, msije mkaandika kwamba "watu wa Shetland walikuwa wanasema". Na mengi ni maneno ya baharini, ya mwiko, wavuvi wakienda haaf, bahari ya mbali, hawakutaja vitu vya nchi kavu kwa majina yake, mchungaji wa kanisa anaitwa upstander, yule anayesimama, paka anaitwa voaler, mliaji. Hayo yalidumu kwa sababu yalikuwa na kazi.

Kingine, si kila neno lenye sura ya Kinorwei ni Kinorn. Niliandika insha nzima nikaweka bairn, mtoto, na kirk, kanisa, mwalimu akaizungushia duara jekundu akauliza hayo maneno hayatumiki Scotland yote? Yanatumika. Yalikuja visiwani ndani ya Kiskoti. Toka siku hiyo kila neno naliuliza kwanza kama lipo bara, kama lipo naliweka pembeni.

Na historia msiikate kwa kisu kimoja. Mtasoma kwamba mfalme Christian wa Kwanza wa Denmark na Norwei aliweka rehani Orkney 1468 na Shetland 1469 kwa ajili ya mahari ya binti yake Margaret aliyeolewa na James wa Tatu, mfalme wa Scotland, na Kinorn kikafa. Ni kweli rehani haikukombolewa. Lakini majarli wa Orkney walikuwa ukoo wa Sinclair kutoka Scotland tangu 1379, yaani Kiskoti kilikuwa mezani kwa wakubwa karibu miaka 90 kabla ya hiyo ndoa.

La mwisho, nendeni. Meli ya usiku kutoka Aberdeen inawafikisha Lerwick asubuhi. Ila mkifika msimuulize mtu "unajua Kinorn?" Mi nilimuuliza mzee mmoja akasema hapana kabisa, nikafunga daftari. Kesho yake nikamkuta anapaka rangi mashua nikamuuliza tu hiki kinaitwaje. Akaniambia pale inapolazwa mashua ni noost, mashua ya baba yake ya makasia sita ilikuwa sixareen, yule ndege mweusi majini ni tystie, yule mwenye mdomo mwekundu ni shalder, kondoo wa kahawia ni moorit. Nilijaza kurasa nne kabla hajamaliza upande mmoja wa mashua.