Anaimba silabi bila kukosea, lakini neno hawezi kulisoma

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 7 na anasoma darasa la kwanza hapa Dar es Salaam. Akiambiwa aseme "ba, be, bi, bo, bu" hakosei hata moja, lakini nikimwandikia neno "bibi" ananitazama tu. Dada yake, anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, humfundisha jioni, na siku hizi akiona herufi "e" husema "ii". Baba yake anataka akalishwe saa nzima kila usiku, fimbo ikiwa mezani. Kitabu tulicho nacho ni kile cha shule tu. Nifanye nini?
Mama, Temeke

JIBU: Mama, mwanao ameshika wimbo. Kwa kuwa mpangilio wa wimbo huo haubadiliki, kinywa chake kinajua kinachofuata kabla macho hayajaitazama herufi, na ndiyo sababu "bi" ikitolewa kwenye safu yake haitambui. Kazi yenu nyumbani ni kuuvunja mpangilio huo.

Kata boksi tupu vipande vidogo, uandike silabi moja kwenye kila kipande, na kila silabi iwe na vipande viwili. Anza na chache: ba, bi, ma, ka, ki, ku, ta, ti. Vichanganye, aokote kimoja akisome, kisha aunganishe viwili apate baba, bibi, kuku, kiti, kata. Mpe pia maneno yasiyo na maana, kama "tiku" au "bima­ka", kwa sababu hayo hawezi kuyabahatisha. Akiyasoma, ujue kweli anasoma. Mnapochambua mchele, mtajie neno "meza", apige kofi kwa kila silabi, halafu umuulize "me" ikiondolewa kinabaki nini. Zoezi hilo halihitaji hata kalamu, nami nalithamini sana, maana mtoto asiyesikia vipande vya neno hupata shida kuviona kwenye karatasi.

Dada yake asikatazwe kufundisha, ila aache kwanza majina ya herufi ya Kiingereza. Vokali za Kiswahili ni 5 na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, kwa hiyo mtoto anayezijua anaweza kulisoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Akiita "a" kuwa "ei", "e" kuwa "ii" na "i" kuwa "ai", vokali moja inachukua nafasi ya nyingine, na "meza" inageuka "miza". Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili nchini umeweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Muulize mwalimu wiki hii wanajifunza sauti zipi, nanyi mzirudie hizo hizo.

Kuhusu vitabu, mnaishi katikati ya maandishi. Majina yaliyoandikwa kwenye daladala kama Temeke, Kimara, Tegeta na Mabibo yote yamejengwa kwa silabi za herufi mbili mbili, na kwa msomaji mchanga ni mazoezi bora kabisa. Mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa, kwa hiyo mkifika nyumbani mwandikie jina lile lile kwa herufi ndogo. Mbagala, Mwenge na Gongo la Mboto yasubiri mpaka silabi nyepesi zimkae, na tofauti ya "ngoma" na "ng'ombe" ije baadaye zaidi.

Saa nzima ni ndefu mno kwa mtoto wa umri huo. Dakika 15 kila siku zinatosha. Fimbo naomba iondolewe kabisa, kwa kuwa mtoto mwenye hofu hubahatisha ili adhabu imwepuke. Akikosea, funika neno kwa kidole, mfunulie silabi moja moja, umsubiri. Baba yake ana kazi nzuri zaidi ya kusimamia: amsomee kwa sauti ukurasa wa kitabu cha shule au habari fupi ya gazeti, akipitisha kidole chini ya maneno.

Kuchanganya "b" na "d" ni kawaida katika umri wake. Lakini ukiona anasogeza kitabu karibu sana na uso, au haitiki anapoitwa kutoka nyuma, mpeleke hospitali akapimwe macho na masikio kabla hamjaongeza mazoezi.