Maswali ya Wasomaji: Kuteleza Mawimbini Sri Lanka

Baada ya safu hii kugusia safari za Sri Lanka, wasomaji kadhaa waliandika kuulizia mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Tumechagua barua tano. Waandishi wake wanatofautiana sana kwa umri na uzoefu, na hilo si kikwazo, kwa kuwa kisiwa kile kina mawimbi ya kila kiwango na maji yake huwa na joto la nyuzi 27 hadi 29 mwaka mzima.

Mimi na kaka yangu tunapanga kukaa Sri Lanka wiki mbili mwezi wa Desemba. Yeye ana miaka sita katika mchezo huu. Mimi sijawahi hata kulala juu ya ubao. Wapo wanaotushauri twende Arugam Bay na wapo wanaosema Weligama. Je, kuna mahali patakapotufaa sote wawili? — Msomaji, Mombasa

Desemba imekwisha kuwaamulia nusu ya jambo. Mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa kaskazi na kusi, na pepo hizo hizo zilizokuwa zikileta majahazi Bandari ya Kale na kuyarudisha kwao ndizo zinazopanga kalenda ya mawimbi ya Sri Lanka. Wimbi zuri la kuteleza halizaliwi na upepo unaovuma pale ufukweni. Huzaliwa na dhoruba za mbali sana, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, likasafiri kwa siku kadhaa na kufika pamoja na wenzake yakiwa yamejipanga safu kwa safu. Upepo wa ufukweni ama hulitengeneza ama huliharibu: ukitoka nchi kavu kuelekea baharini, huuzuia uso wa wimbi usianguke upesi na kuuacha laini, ukitoka baharini, huliponda wimbi na kulivuruga kabla hujapata nafasi ya kusimama.

Kaskazi hutokea upande wa kaskazini-mashariki, kwa hiyo inapofika pwani ya kusini-magharibi ya kisiwa huwa imekwisha kuvuka nchi kavu. Ndiyo sababu Hikkaduwa, Midigama, Weligama, Mirissa na Hiriketiya huwa katika msimu wao kuanzia Novemba hadi Aprili. Kusi ikiingia mwezi wa Mei, huichafua pwani hiyo na kuitengeneza ile ya mashariki, na hapo Arugam Bay hushika zamu hadi Septemba hivi. Anayewapeleka Arugam Bay mwezi wa Desemba anawapeleka kwenye mvua, kwani pwani ya mashariki hupata mvua zake nyingi katika miezi hiyo.

Fikieni Weligama. Jina lenyewe, kwa Kisinhala, lina maana ya kijiji cha mchanga, na mchanga ndio unaokuhusu wewe: ghuba ni pana, chini hakuna mwamba, na mawimbi yake aghalabu huvunjika mbali kidogo kisha yakaja ufukweni kama povu refu lenye nguvu ya wastani, ambalo ndilo darasa la kwanza la kila mwanafunzi. Ukianguka, unaangukia maji na mchanga. Kaka yako, kwa upande wake, atachoka na Weligama siku ya pili. Apande bajaji asubuhi na mapema (nyingi zimefungwa vyuma vya kubebea mbao juu ya paa) aende Midigama, kilomita chache upande wa magharibi, ambako mawimbi huvunjika juu ya mwamba. Aanze na yale yanayoitwa Lazy Left na Lazy Right, ambayo kama majina yao yanavyosema ni ya taratibu, kabla ya kujaribu Ram's, ambako maji ni machache juu ya mwamba na anayekosea hutoka na alama mgongoni. Kutoka uwanja wa ndege wa Katunayake mtafika Weligama kwa barabara ya kasi ya kusini. Lakini kama hamna haraka, mimi ningepanda treni kutoka Colombo, kwa sababu reli ya kusini hupita kando ya bahari kwa mwendo mrefu na kaka yako ataweza kuyakagua mawimbi akiwa dirishani.

Nina umri wa miaka 47 na watoto wangu wananicheka kwamba nataka kujifunza. Naogelea, ila si mwogeleaji hodari. Je, nimechelewa? Na ubao wa namna gani unanifaa? — Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam

Hujachelewa, mama, mradi kuogelea kwako kuwe kwa kweli. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: uweze kuogelea mita 100 bila kupumzika, kisha ukae mahali pasipofikika kwa mguu kwa dakika tano bila kushika chochote na bila kuingiwa na hofu. Usijidanganye kwamba ubao ni boya lako. Umefungwa mguuni kwa kamba, na kamba hukatika. Kama kipimo hicho kinakushinda leo, tumia miezi miwili katika bwawa la kuogelea kabla ya kununua tiketi.

Kuhusu ubao, chagua mkubwa, wa futi 8 au 9, mpana, wenye tabaka laini la sponji juu. Vijana hupenda mbao fupi zilizochongoka kwa sababu ndizo wanazoziona kwa mabingwa, kisha wanashangaa kwa nini wiki nzima imepita bila wao kusimama. Ubao mkubwa huelea zaidi, hushika wimbi mapema na hauyumbi ovyo. Mfupi hudai kasi na wepesi ambavyo mwanafunzi hana. Ukikutana na mkufunzi anayekupa ubao mfupi siku ya kwanza ili kukufurahisha, mkatalie kwa heshima.

Mafunzo huanzia mchangani. Utalala kifudifudi katikati ya ubao, si mbele mno, kwa sababu pua ya ubao itazama, wala si nyuma mno, kwa sababu wimbi litakupita. Viganja viwe bapa chini ya kifua. Anayeshika kingo za ubao huupindua. Kisha unajisukuma juu na kuvuta miguu chini yako kwa mara moja, magoti yakiwa yamekunjwa. Kosa la watu wazima, na nililifanya mimi mwenyewe kwa siku tatu mfululizo, ni kutazama miguu ili kuhakikisha imekaa vizuri. Mwili hufuata macho: ukitazama miguu unaangukia miguuni, ukitazama mnazi ulio ufukweni unaelekea kwenye mnazi.

Kuanguka nako kuna adabu yake. Anguka bapa, wala usitangulize kichwa. Funika kichwa kwa mikono miwili, na unapoibuka tanguliza mkono mmoja juu kwa sababu hujui ubao uko wapi. Unapotembea na ubao ndani ya maji, usiuweke kati yako na wimbi linalokuja, maana litakusukumizia kifuani. Mabega yatakuuma kuliko miguu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mchezo huu ni kupiga kasia kwa mikono. Saa moja na nusu kwa siku inatosha, na iwe asubuhi kabla upepo haujakolea.

Nimekuwa nikiteleza Oman, pwani ya Bahari ya Arabu, wakati wa kusi. Likizo yangu ni Julai na nataka wimbi refu zaidi. Je, Arugam Bay inastahili sifa zake? — Msomaji, Muscat

Inastahili, ila uvumilie umati. Wimbi kuu, linaloitwa Main Point, huzunguka rasi iliyo kusini mwa kijiji na kuvunjika kuelekea kulia, mfululizo, kiasi kwamba siku ya mawimbi makubwa mtu anaweza kuteleza mita mia kadhaa kisha akarudi mwanzoni kwa kutembea ufukweni badala ya kupiga kasia. Ukiwa mtu wa kutanguliza mguu wa kushoto utalipenda mara mbili, kwa sababu utakuwa umelielekea wimbi kwa uso. Julai na Agosti ndiyo miezi ya watu wengi kuliko yote. Ingia majini kukipambazuka, upepo ukiwa bado unatoka bara. Kufikia saa nne asubuhi utakuta kila wimbi lina wagombea kumi. Siku ukiona imekuwa soko, nenda Whiskey Point upande wa kaskazini au Peanut Farm upande wa kusini, ambako hata wenye kiwango cha kati hupata nafasi.

Kwa kuwa unaingia katika maji ya wenyewe, kanuni ya haki ya wimbi ni lazima uishike kama unavyoshika kanuni ya barabarani. Aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanzia kuvunjika ndiye mwenyewe. Wengine wote humwachia. Anayerudi kutoka ufukweni huzunguka kando, wala hakati mbele ya anayekuja. Ubao hautupwi hata wimbi likiwa kubwa namna gani, kwa sababu nyuma yako yupo mtu. Vijana wa kijiji wamekulia pale, na mgeni anayewasalimu kisha akasubiri zamu yake hupewa mawimbi ambayo mwenye kiburi hayapati.

Tahadhari moja ambayo Muscat hukuizoea: wanyama. Ndovu hutembea katika njia za kwenda Elephant Rock na Peanut Farm, hasa jioni, na vidimbwi vilivyo nyuma ya fukwe hizo vina mamba. Usioshe miguu kwenye kidimbwi hata kama kimetulia kama kioo. Vilevile, mji jirani wa Pottuvil una Waislamu wengi, kwa hiyo msikiti hutaukosa, na chakula cha halali hakitakusumbua.

Kwa nini sisi wa Zanzibar hatuna mawimbi kama hayo, na bahari ni moja? — Msomaji, Unguja

Bahari ni moja, lakini sisi tuna ukuta. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na upande wa mashariki wa Unguja umezungukwa na mwamba wa matumbawe, na wimbi lililotoka mbali hujimaliza pale nje. Ndani ya mwamba hubaki maji matulivu yanayowafaa wavuvi, wakulima wa mwani na, kule Paje, wale wanaovutwa na tiara za upepo. Malindi ni tofauti kidogo: tope la Mto Sabaki haliyapendi matumbawe, hivyo ghuba imebaki wazi, na wakati wa kusi mawimbi huingia hadi mchangani.

Jambo la pili ni maji kujaa na kupwa. Kwetu, wakati wa bamvua, bahari hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, kwa hiyo hata palipo na wimbi juu ya mwamba hudumu saa chache tu kabla mwamba haujatoka nje au kuzama mno. Sri Lanka tofauti hiyo haifiki hata mita 1, hivyo wimbi lililokuwa zuri asubuhi linaweza kuwa zuri jioni ikiwa upepo umekubali. Hapo pia pana onyo. Mtu wa kwetu akiona maji yamekwenda mbali hashangai. Huko, bahari ikijiondoa ghafla, ni ishara ya kukimbilia mahali pa juu bila kurudi kuchukua kitu. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliua zaidi ya watu 30,000 katika kisiwa hicho, Weligama na Arugam Bay zikiwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa, na nguvu zake zilifika hadi Somalia, Kenya na Tanzania.

Navaa hijabu. Je, nitaweza kuteleza bila kusumbuliwa? Na je, nibebe ubao wangu kwenye ndege au nikodi? — Msomaji, Nairobi

Mavazi hayatakuletea tabu. Katika jua la kule, hata wasio na haja ya stara huvaa fulana ya kuogelea ya mikono mirefu na suruali ya kubana, kwa sababu mgongo wa mtu aliyelala juu ya ubao huungua mapema kuliko anavyodhani. Vazi la stara la kuogelea linafaa, mradi kitambaa cha kichwa kiwe kimeshonwa pamoja nalo au kikae ndani ya kola, kwani kilichofungwa kwa pini kitachukuliwa na wimbi la kwanza. Sare nzito ya mpira ya maji baridi iache nyumbani.

Kama bado unajifunza, kodi. Mbao za sponji zimejaa Weligama na hukodishwa kwa saa au kwa siku. Ukague kabla ya kulipa, uangalie kama mapezi ya chini yamekaza na kamba ya mguuni haina mpasuko, na upige picha mikwaruzo iliyopo ili usije ukadaiwa ya mwenzako. Mwenye ubao wake aliouzoea na abebe, baada ya kuuliza shirika la ndege urefu unaokubaliwa na gharama yake kwa maandishi. Ang'oe mapezi na kuufunga ubao kwa taulo na nguo, hasa kwenye pua na mkia, na aibandue kabisa nta ya zamani, kwa sababu nta iliyotengenezwa kwa maji baridi itayeyuka ndani ya mfuko kabla hajafika hotelini. Nta ya maji ya joto inauzwa katika kila duka la mbao kule.