Tone la jichoni linavyofika kifuani

Mkuu, umeuliza kama matone ya presha ya macho anayotumia bibi yako ndiyo yanayombana kifua usiku, na wachangiaji wawili wamekujibu kwamba dawa ya jicho inaishia jichoni. Mimi ni mfamasia, huu ni mwaka wa kumi na nne niko Kariakoo, na nakuhakikishia haiishii jichoni. Kama kichupa kimeandikwa timolol na bibi ana pumu, mrudishe leo kwa aliyemwandikia. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, usingoje kliniki: dharura moja kwa moja, na kichupa mkononi.

Haya yalimpata mama yangu, Tandika. Pumu yake ilikuwa imelala miaka mingi. Kliniki moja ikamgundua presha ya macho, akapewa matone ya asubuhi na jioni. Hakuna aliyemuuliza habari za kifua, naye hakusema, maana nani anakumbuka kutaja pumu akiwa kwa daktari wa macho? Mimi mwenyewe nilikiona kile kichupa juu ya friji, nikasoma jina, nikapita. Hilo linaniuma hadi leo.

Siku ya tisa, saa nane usiku, mdogo wangu akanipigia. Nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono kwenye magoti, kifua kinapiga filimbi, pampu ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, iko pembeni. "Nimevuta mara sita mwanangu, hakifunguki." Nikamshika kifundo cha mkono. Mtu aliyebanwa na pumu moyo humwenda mbio, na aliyevuta salbutamol mara sita vidole humtetemeka. Vya mama vimetulia, mapigo 52 kwa dakika. Hapo ndipo kichupa cha juu ya friji kiliponijia. Tukaita bajaji.

Moyo, njia za hewa, utumbo, mboni ya jicho na jasho havingoji amri yako. Vinaongozwa na mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe, wenye matawi mawili: simpathetiki, linalokuandaa kukimbia au kupambana, na parasimpathetiki, la kutulia na kusaga chakula. Neva hizi huzungumza kwa kemikali. Otto Loewi alilionyesha hilo mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura: alichochea neva ya moyo wa kwanza ukapunguza mwendo, akachukua maji yaliyouzunguka akayatia kwenye wa pili, nao ukapunguza. Kemikali ile ni asetilikolini, ya tawi la parasimpathetiki. Tawi la simpathetiki linatumia zaidi noradrenalini, na adrenalini inayotoka tezi zilizo juu ya figo.

Kemikali hizi hufanya kazi zikikaa kwenye vipokezi, yaani siti zake maalumu kwenye seli. Vya beta 1 viko zaidi moyoni, vinauongezea kasi. Vya beta 2 vinalegeza misuli ya njia za hewa, na huko ndiko salbutamol inakokwenda. Timolol inakalia vyote viwili na haifanyi chochote. Ni kama abiria aliyekalia siti ya daladala lakini hana safari, na mwenye safari amesimama mlangoni. Jichoni tunautaka uzuiaji huo, maana maji ya ndani ya jicho yanatengenezwa kidogo na presha inashuka. Mapafuni ni balaa, na pampu uliyoitegemea inakosa pa kukaa.

Inafikaje huko? Jicho halina nafasi ya kubeba tone zima. Linalobaki linapita kwenye kijitundu cha pembe ya ndani ya jicho na kuteremkia puani, njia ileile inayofanya pua ichuruzike ukilia. Mishipa ya puani inaifyonza dawa na kuiingiza kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini, ambalo lingepunguza sehemu kubwa kama ingekuwa kidonge.

Daktari wa zamu alipoambiwa kuhusu matone alielewa mara moja. Mbali na oksijeni, kwenye mashine ya mvuke akaongeza ipratropium. Hii haigombanii siti za beta. Inazuia asetilikolini, ambayo ndiyo hubana njia za hewa kupitia tawi la parasimpathetiki. Kulipokaribia kukucha mama aliomba chai. Timolol ikasimamishwa, baadaye akaandikiwa latanoprost, matone mengine ya presha ya macho, ambayo haigusi vipokezi vya beta kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo, mzee akija dukani kuomba Piriton ya mafua, huwa namuuliza kwanza kuhusu tezi dume. Piriton nayo inazuia asetilikolini, na kwa mwenye tezi iliyokua mkojo unaweza kugoma kabisa.

Msimwache bibi bila dawa yoyote ya jicho, maana uoni unaopotea kwa presha ya macho haurudi. Abadilishiwe. Hata hiyo mpya, aweke tone moja, afumbe macho, abonyeze pembe ya ndani kwa kidole dakika mbili. Ila kubonyeza hakumpi mwenye pumu ruhusa ya kuendelea na timolol.

Umesema uko kazini mpaka jioni. Mpigie aliye nyumbani sasa hivi akusomee kichupa chote, asiishie kwenye jina kubwa la mbele. Vipo vichupa vyenye dawa mbili ndani, mara nyingi dorzolamide na timolol, na timolol huandikwa ya pili.