Meza ya Kigiriki nyumbani: punguza viungo, ongeza muda

Tangu niweke picha za chakula nilichowapikia wakwe zangu Jumamosi iliyopita, ujumbe unaingia mfululizo. Mmoja umenigusa kuliko yote. Dada wa Morogoro anataka kumwandalia mumewe chakula cha Kigiriki siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Hana oveni, na bei ya feta, ile jibini nyeupe ya Kigiriki, aliyoikuta dukani imemvunja moyo. Anamalizia hivi: "Dada, au nipike tu pilau kama kila mwaka?"

Mdogo wangu, pilau ipo na haiendi popote. Mwaka huu pika cha Kigiriki. Oveni huihitaji, na feta utaiamua mwenyewe nikishakueleza.

Kwanza niseme nilikojifunzia, maana wapo wanaodhani haya nimeyaokota kwenye video. Nilifanya kazi za ndani Athens, mtaa wa Kypseli, kwa mama mmoja mzee ambaye miguu ilikuwa imechoka ila ulimi wake haukuchoka kuonja. Yeye alikaa kwenye kiti mlangoni mwa jiko, mimi nikapika kwa maelekezo yake. Nilimwita Kiria, kama heshima ya kwao inavyotaka. Siku ya laiki, soko linalopangwa barabarani mara moja kwa wiki, alinituma nyanya, na nikirudi alizinusa moja moja penye kikonyo. Isiyonukia ilikwenda kwenye mchuzi, haikuingia kwenye saladi.

Pale ndipo nilipopata kitu ninachotaka ukishike kuliko vipimo vyote nitakavyotaja. Nyumbani kwetu chakula kikipwaya tunakiongezea kiungo. Kwa Kiria chakula kikipwaya kiliongezewa muda. Mafuta ya zeituni, limau, kitunguu saumu, oregano (majani makavu ya kunukia), chumvi: hivyo vilitosha wiki nzima. Bizari ya pilau, tangawizi, mchanganyiko wa pakiti wa kuku, vyote viache kabatini siku hiyo.

Tuanze na tzatziki, yogati nzito yenye tango na kitunguu saumu ya kuchovyea mkate, kwa sababu inaanza usiku wa kuamkia siku yenyewe. Chukua nusu kilo ya yogati nzito isiyo na sukari wala vanila. Tandika kitambaa safi juu ya chujio, mimina yogati, weka bakuli chini, ingiza kwenye friji mpaka asubuhi. Utakuta maji ya kijani hafifu yameshuka na yogati imekuwa nzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Mtindi wa pakiti nao unafaa, ila huchuja kwa muda mrefu zaidi na hubaki kidogo. Chukua tango moja ulikune, nyunyiza chumvi, liache dakika kumi na tano, kisha likamue kwa mikono kama unakamua nazi, mpaka lisitoe tone. Ponda punje mbili za kitunguu saumu pamoja na chumvi, changanya vyote na vijiko viwili vya mafuta ya zeituni na kijiko kimoja cha siki. Rudisha kwenye friji saa moja au mbili ili kitunguu saumu kitulie. Nanaa ukiipenda weka, wako Wagiriki wanaoiweka.

Hii tzatziki ina historia yake kwangu. Niliporudi nyumbani niliipeleka kwenye shughuli ya familia, bakuli zuri, nimemwagia mafuta juu na zeituni moja katikati. Ndugu mmoja wa upande wa mume akasema mbele za watu, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima: "Ulaya ameenda kufua na kudeki, karudi na matango kwenye mtindi." Watu walicheka. Bakuli lilirudi nyumbani jinsi lilivyoondoka. Nimeshamsamehe, na namsalimia vizuri tukikutana, lakini maneno yale bado nayasikia nikikamua tango. Kufua na kudeki ndiko kulikowasomesha wadogo zangu. Na jiko nilimojifunza kupika ni hilo hilo nililokuwa nikilideki.

Basi Jumamosi alikuwepo. Nilipanga meza kama Kiria: hakuna sahani ya kila mtu iliyojazwa jikoni, kila kitu katikati, watu wanachota. Kwetu tunaokula sinia si jambo geni hata kidogo. Alichovya mkate kwenye tzatziki, akachovya tena. Hakusema neno. Wakati wa kuondoka aliniuliza kama nina kopo la kufungashia. Nikamfungashia iliyobaki yote.

Sasa kuku. Souvlaki kule Athens mara nyingi ni nyama ya nguruwe, lakini ya kuku ipo kila mahali na ndiyo niliyoipika, maana nyumba yetu ina Waislamu. Ni mishikaki, dada, jiko lako la mkaa linatosha. Tumia mapaja yaliyotolewa mfupa, yana mafuta kidogo na hayakauki. Paka mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, pilipili manga na oregano kavu uliyoisugua kwenye viganja mpaka inukie. Papai bichi usiweke, kuku huyo halihitaji. Limau usitie mapema. Kamulia juu nyama ikitoka motoni, pamoja na chumvi ya mwisho. Harufu inayopanda wakati huo ndiyo itakayomtoa mumeo sebuleni.

Viazi vya limau ndivyo vilivyoisha kwanza mezani. Kilo moja na nusu ya viazi, vikate virefu na vinene. Nusu kikombe cha mafuta ya zeituni, kikombe cha maji, juisi ya malimau mawili, kitunguu saumu, oregano, chumvi. Tumia limau, si ndimu. Ndimu ikikaa motoni muda mrefu huacha uchungu. Mwenye oveni aweke nyuzi 200 kwa saa moja na zaidi, akivigeuza mara moja. Wewe usiye nayo tumia sufuria pana nzito, palia makaa juu ya mfuniko kama unavyopalia wali, na moto wa chini uwe mdogo. Viazi vimeiva pale maji yanapokuwa yamekwisha, yamebaki mafuta tu, na kingo zimeanza kushika rangi ya kahawia. Watu wengi huepua mapema, vikiwa laini. Laini haitoshi. Subiri.

Na kusubiri huko ndiko kunakotushinda. Tunataka chakula cha nchi nyingine kitoke kwa dakika ishirini, kikikataa tunasema vyakula vya Wazungu havina ladha. Ladha ipo, tumeikimbia. Wengine wananiandikia kwamba huku ni kuiga. Kuiga nini? Wagiriki walilima mkonge na kahawa Tanganyika tangu wazazi wetu hawajazaliwa, na Arusha mpaka leo ipo shule iliyoanzishwa na jumuiya yao. Bamia wanakula, biringanya wanakula, maharage wanakula, pweza wanamtundika juani. Anayekuzuia kujifunza kupika bamia kwa namna ya pili hakulindii mila yoyote, anakupunguzia tu.

Nimetaja bamia, na hizi ndizo ninazojivunia kuliko nyama. Chagua ndogo. Chonga kikonyo kama ncha ya penseli bila kufungua tundu la mbegu, kwa maana ukilifungua ule utelezi unatoka. Nyunyiza chumvi na siki, zianike juani nusu saa au zaidi. Kaanga vitunguu maji polepole kwenye mafuta mengi ya zeituni, weka nyanya zilizokunwa, zikikolea panga bamia juu, funika, moto mdogo. Kijiko kisiingie tena. Ukitaka kugeuza, shika sufuria kwa mikono miwili uitikise. Zitatoka nzima, hazitelezi, na zitakuwa tamu zaidi zikiwa vuguvugu. Kiria alizipika asubuhi tukala mchana, na hakuziruhusu zipashwe moto.

Walio Tanga, Unguja na Mombasa, mkipata pweza mwekeni kwenye sufuria bila maji kabisa, mfunike. Atajipikia kwa maji yake mwenyewe. Akilainika, mkateni vipande, mtieni siki na mafuta ya zeituni. Basi.

Saladi ya kijijini: nyanya vipande vikubwa, tango, pilipili hoho, vitunguu, zeituni nyeusi. Majani ya saladi hayamo. Feta huwekwa juu kama kipande kizima, oregano na mafuta vinamwagiwa hapo, kila mtu anamega mwenyewe. Sasa ile bei. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2002 jina feta ni la jibini ya Ugiriki pekee, ya maziwa ya kondoo, na ya mbuzi yasizidi asilimia 30, nayo hukaa kwenye maji ya chumvi si chini ya miezi miwili. Ndiyo maana ni ghali. Jibini nyeupe ya ng'ombe yenye chumvi inafanana kwa sura tu, lakini kwenye saladi haiharibu kitu. Kama fedha ni za kuchagua, mimi ningenunua mafuta mazuri ya zeituni na kuiacha feta. Na tafadhali, yale mafuta ya chupa ndogo ya duka la dawa, ya kupaka ngozi na nywele, si ya jikoni. Nunua yaliyoandikwa kuwa ya kula, ya mkamuo wa kwanza, kwenye chupa ya rangi iliyokoza.

Kuna watakaokwambia uanze na musaka. Usianze nayo. Ile ya sosi nyeupe juu, ambayo mpishi Nikolaos Tselementes aliieneza karne iliyopita, ni kazi tatu ndani ya chombo kimoja: biringanya za kukaanga, nyama ya kusaga yenye mdalasini, na sosi ya maziwa, siagi na unga. Hiyo inataka oveni na siku nzima. Siku ya ndoa yako unatakiwa ukae mezani umevaa gauni, si kusimama jikoni unatoka jasho.

Mkate, nunua wa ajemi kama mtaani kwenu upo, au mkate mzito wa duka la mikate. Ni wa kufutia mafuta ya saladi, na kwa Wagiriki si aibu. Wao hula usiku sana, saa tatu, saa nne. Ninyi kuleni mnapopenda.

Kitamu cha mwisho hakina maziwa wala mayai, ndiyo maana hupikwa sana kule wakati wa Kwaresima. Ni halua ya semolina, yaani ngano iliyosagwa ikawa chenga, na vipimo vyake hata mtoto wa Kigiriki anavijua: kikombe 1 cha mafuta, 2 vya semolina, 3 vya sukari, 4 vya maji. Chemsha maji na sukari na kijiti cha mdalasini na ganda la limau. Pembeni kaanga semolina kwenye mafuta ukikoroga bila kuondoka mpaka iwe rangi ya kahawa ya maziwa. Mimina shira kidogo kidogo, jikinge mkono maana itaruka. Koroga mpaka iachane na sufuria, ishindilie kwenye bakuli, ikipoa pindua kwenye sahani, nyunyiza mdalasini na lozi. Ipike Ijumaa, Jumamosi itakuwa imeshikana vizuri na wewe utakuwa umebakiwa na kuku tu wa kuchoma.

Ukimaliza niandikie, dada wa Morogoro. Nataka kusikia zaidi kuhusu bamia.